UZI: Kuchagua skii za mlima mzima kwa mwanamke wa kiwango cha kati hadi cha juu (kiuno, urefu, ugumu, vifungo)

#1 Makali88

Wakuu, salaam.

Swali la "skii moja ya mlima mzima kwa mwanamke" (yaani skii moja ya kutumia kwenye kila aina ya theluji mlimani) linarudi kila msimu, na majibu huwa yale yale: chukua modeli fulani, achana na fulani. Jina halikusaidii kitu kama hujui unapima nini, kwa hiyo uzi huu ni wa kupima. Mlengwa ni dada anayeshuka mteremko wa wastani skii zikiwa sambamba bila kusuasua, hadi yule anayeingia mteremko mkali, matuta, na theluji ambayo mashine haijaigusa.

Kwanza hesabu siku. Kati ya siku 10 unazoteleza, ngapi ni kwenye theluji iliyoshindiliwa na mashine? Ngapi kwenye theluji ngumu inayokwaruza kama kioo? Ngapi kwenye theluji iliyovurugwa na watu tangu asubuhi? Ngapi kwenye unga, yaani theluji mpya laini, unaopita kifundo cha mguu? Wengi huhesabu siku 1 ya unga kama 5 kwa sababu ndiyo inayokumbukwa, wananunua skii pana, kisha wanahangaika nayo siku 9 zilizobaki.

Hesabu hiyo ndiyo inayokupa kiuno, yaani upana wa skii pale chini ya buti:

mm 80–86: siku 8 kati ya 10 ni theluji ya kushindiliwa au barafu. Inageuka haraka, inauma vizuri. Kwenye unga wa sm 20 bado inapita, ila utafanya kazi.

mm 87–92: hapa ndipo "mlima mzima" wa kweli ulipo kwa walio wengi. Kama huna sababu ya kwenda pengine, baki hapa.

mm 93–98: nusu ya siku zako ni nje ya njia zilizoshindiliwa, au unateleza mahali theluji inaanguka mara kwa mara na kubaki laini.

Kuanzia 99 kwenda juu hiyo ni skii ya pili, ya kuongezea. Ukiinunua kama skii pekee utajuta kila asubuhi yenye baridi kali.

Vipimo huandikwa kwa namba tatu, mfano 128-88-110: ncha, kiuno, mkia. Kwa modeli nyingi namba iliyo kwenye jina ndiyo kiuno (Black Pearl 88 ya Blizzard, Secret 96 ya Völkl, Ripstick 94 W ya Elan), kwa hiyo hata kabla ya kusoma karatasi ya vipimo unajua umeshika nini.

Upana unalipiwa, na anayelipa ni mguu wako. Unapolaza skii, makali yanayouma theluji yapo umbali wa nusu ya kiuno kutoka katikati ya buti. Kiuno cha mm 88 kinakupa mm 44, cha mm 100 kinakupa mm 50. Huo ni wenzo mrefu zaidi kwa karibu asilimia 14, na kwenye theluji ngumu wanaoubeba ni kifundo na goti, kona baada ya kona. Ndiyo maana skii pana huchosha saa 8 mchana hata kama asubuhi ilionekana sawa.

Karibuni, urefu tuujadili chini.

#2 BintiMteremko

Asante mkuu kwa uzi. Nauliza kwa vipimo: kg 63, urefu sm 167, kona sambamba kila mahali palipo na theluji ya kushindiliwa, matuta kidogo kidogo. Kanuni ya "skii ifike kidevuni" bado ipo?

#3 FundiNta

@BintiMteremko, hiyo ni kanuni ya anayeanza. Kuanzia kiwango cha kati, skii ya mlima mzima husimama kati ya ncha ya pua na utosi, na uzito una neno kubwa kuliko kimo. Skii haijui una urefu gani. Inajua inasukumwa na kilo ngapi na kwa mwendo gani.

Makadirio ya kuanzia:

chini ya kg 55: sm 150–159
kg 55–65: sm 157–166
kg 65–75: sm 163–172
zaidi ya kg 75: sm 170 na kuendelea

Kwa kg 63 na kimo chako, anza kwenye 162–166. Watengenezaji hupanda kwa hatua za sm 6 hadi 8, kwa hiyo mara nyingi utajikuta katikati ya saizi mbili. Hapo angalia roka, yaani ncha au mkia kuinuka mapema kutoka kwenye theluji. Skii yenye ncha iliyoinuka sana, na mkia ulioinuka, hugusa theluji kwa sehemu fupi kuliko urefu uliochapishwa. Skii ya sm 165 ya namna hiyo inaweza kuhisika kama ya 158 kwenye njia ngumu, kwa hiyo kati ya saizi mbili chukua ndefu. Ikiwa na upinde (katikati kuinuka isipokanyagwa) karibu urefu wote na mkia bapa, chukua fupi bila aibu.

Kosa la kawaida kwa akina dada ni kupewa fupi mno. Dalili zake: ukienda kasi ncha zinapigapiga kama samaki aliyetolewa majini, kona ndefu inayumba, na kwenye theluji iliyovurugwa unahisi kutupwa mbele kila unapogonga fungu. Ndefu mno nayo ina dalili zake: mkia hauachii mwisho wa kona, kwenye matuta unachelewa kugeuka, na unajikuta umekalia nyuma bila kukusudia.

#4 UngaTu

Natofautiana na mleta uzi. Skii za siku hizi za 96 hadi 100 zinashika barafu vizuri kuliko skii za 80 za zamani. Kwa nini mtu ajinyime unga?

#5 Makali88

Nusu ya hoja yako naipokea. Ujenzi umeboreka, na 96 yenye metali na makali yaliyonolewa inashika. Lakini kulinganisha na skii za zamani hakumsaidii mnunuzi wa leo, kwa sababu 86 ya leo nayo imeboreka kwa teknolojia ileile. Halafu kushika ni jambo moja, muda wa kuhama kutoka makali haya kwenda yale ni jambo jingine. Kwenye kona fupi za mfululizo, huo muda ndio unaokuchosha.

Kwa mwenye kg 55 kuna jambo la ziada. Kuelea kwenye unga ni uzito ukigawanywa kwa eneo la skii, hivyo mwepesi anaelea kwa kiuno chembamba kuliko mzito. Mwanamume wa kg 90 anayehitaji 100 ili aelee hawezi kumshauri dada wa kg 55 anunue 100. Dada huyo kwenye 90 yenye ncha pana anaelea vilevile, na akirudi kwenye njia ngumu hapati adhabu.

#6 UngaTu

Hapo kwenye uzito umenipata. Ila kwa anayeishi mlimani na kuteleza siku 60, nitasema 96 hadi mwisho.

#7 Mkia_Bapa

Naomba tugusie suala la "skii za wanawake". Kuna wanaosema ni rangi tu.

Wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine si kweli, na unaweza kuthibitisha mwenyewe bila kumsikiliza muuzaji. Chukua karatasi ya vipimo ya modeli ya kike na ile pacha wake ya jumla, kwa urefu unaokaribiana. Linganisha vitu vinne: uzito wa skii moja kwa gramu, tabaka za metali, nusukipenyo cha kona, na mahali pa alama ya kufungia buti. Vyote vinne vikilingana, umeshika skii ileile yenye rangi nyingine. Ya kike ikiwa nyepesi kwa gramu 150–300, ina metali pungufu au nyembamba, na alama imesogezwa mbele sm 1 au 2, basi hiyo ni skii nyingine kabisa hata kama umbo ni lile lile.

Nani achukue ipi? Ugumu ufuate uzito na mwendo. Dada wa kg 57 wa kiwango cha kati kwenye skii ngumu iliyoundwa kwa kg 85 hawezi kuikunja. Isipokunjika hailali kwenye duara la kona, inaenda moja kwa moja kama ubao, na yeye anaanza kuisukuma mkia kwa nguvu ili ageuke. Anaambiwa ana tabia mbaya ya kusukuma mkia, kumbe ni skii. Upande wa pili, dada wa kg 78 anayeshuka kasi akipewa ya kike laini ataishinda: ikikunjwa kupita kiasi makali yanaachia katikati ya kona. Huyu aende kwenye modeli ya jumla bila kusita. Pia modeli nyingi za kike huishia sm 170 na kitu, kwa hiyo mrefu naye analazimika kuvuka.

#8 FundiNta

Nyongeza juu ya hilo: kupinda skii kwa mkono kunasaidia ukijua unachotafuta. Simamisha skii mkia chini, shika ncha kwa mkono wa kushoto, sukuma katikati kwa kiganja cha kulia. Tazama mkunjo unaanzia wapi. Skii ya mlima mzima iliyopangwa vizuri hukunjika kama upinde wa mshale: laini nchani, ngumu chini ya buti, ngumu wastani mkiani. Ikikunjika sehemu moja tu kama bawaba, iache.

Kuisokota ncha kwa vidole hakukuambii lolote la maana. Nguvu za mkono ni ndogo mno ukilinganisha na zile za kwenye kona.

#9 Titanali

Nami natia neno kuhusu tumbo la skii, maana hapa maneno ya matangazo ni mengi.

Kutoka chini kwenda juu: soli ya polietilini na makali ya chuma pembeni, faibagilasi, pengine metali, kiini cha mbao, pengine metali tena, faibagilasi, kisha bamba la juu lenye rangi. Pembeni kuna ukuta wa plastiki ngumu ya ABS. Ukuta wima unaofika juu hupitisha nguvu moja kwa moja kwenye makali. Muundo wa kofia, ambapo bamba la juu linashuka hadi kwenye makali, ni mwepesi ila hushika kidogo, na ukigonga jiwe ni mgumu kutengeneza. Nyingi za kisasa zina ukuta chini ya buti na kofia nchani na mkiani, na si wazo baya.

Metali inayotajwa ni titanali. Jina linapotosha: ni aloi ya alumini yenye zinki, magnesiamu na shaba. Kazi yake kubwa ni kumeza mtetemo na kuzuia skii isisokoteke, ndiyo maana skii yenye metali hutulia kwenye theluji ngumu. Bei yake ni uzito, na hitaji la mwendo: ukienda polepole inahisika imekufa. Kwa wanawake kuna njia ya kati ambayo naiona ndiyo bora kwa kiwango cha kati kinachopanda: metali isiyoenea skii nzima, yaani kipande katikati au fremu pembeni, ncha ikiachwa na kaboni au faibagilasi.

Kaboni ni nyepesi na hurudisha nguvu haraka, lakini haimezi mtetemo kama metali. Skii nyepesi ya kaboni tupu kwenye barafu hutetemeka hadi unaihisi kwenye meno.

Uzito kwa skii moja ya urefu wa 165 hivi: chini ya g 1500 ni nyepesi, inafaa anayepanda kwa miguu. G 1600–1800 ni katikati pazuri. Zaidi ya g 1900 iwe kwa mwenye nguvu na mwendo. Mbao pia zinachangia: mpopla ni wa kati, bichi na mwesi (ash) ni nzito na imara, polonia na balsa ni nyepesi sana. Nyingi huchanganya, mbao nzito zikiwekwa pale skrubu zinapoingia.

#10 BintiMteremko

Nusukipenyo cha kona je? Naona 13, 15, 17 sijui nichague nini.

#11 Titanali

Ni ukubwa wa duara ambalo umbo la pembeni ya skii lingechora. Mita 12–13 hupenda kona fupi na huvuta yenyewe. 14–16 ndiyo ya mlima mzima. Kuanzia 17 hupenda kona ndefu na mwendo. Ila angalia namba ya urefu wako, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na 14 kwenye sm 159 na 16 kwenye sm 171, na matangazo hutaja moja tu.

Na usiiogope sana namba hiyo. Duara halisi hupungua kadiri unavyolaza skii: takribani nusukipenyo mara kosaini ya pembe ya mlalo. Ukilaza digrii 60, skii ya mita 16 inachora duara la mita 8 hivi. Anayejua kulaza ana kona zote mfukoni, asiyejua atalalamikia namba.

#12 Mkia_Bapa

Kuhusu upinde na roka, kwa kifupi. Weka skii mbili soli kwa soli, zibane katikati kwa mkono mmoja. Nafasi unayoiona katikati kabla ya kubana ni upinde. Milimita kadhaa zinatosha. Sehemu ya mbele zinapoachana mapema ni roka. Kwa mlima mzima tafuta roka ya wastani nchani, upinde chini ya buti, na mkia ama bapa ama ulioinuka kidogo sana. Roka ya nchani huzuia ncha isizame kwenye unga na hufanya kona ianze kirahisi. Mkia ulioinuka huteleza pembeni kirahisi kwenye matuta na miti, lakini hupunguza mshiko mwishoni mwa kona. Nikichagua kwa niaba ya mtu ambaye siku zake nyingi ni njia ngumu, mkia uwe bapa. (Ndiyo, jina langu linasema hivyo pia.)

#13 Sambamba

Wadau, tatizo: skii mpya kabisa, mm 88, inang'ang'ania. Ikishaingia kwenye kona haitaki kutoka, na kwenye njia tambarare inavuta kushoto na kulia. Ni ndefu mno au ni ngumu mno?

#14 Tupa_na_Jiwe

Kabla ya kuilaumu skii, ipime soli. Hili ndilo chanzo cha skii nyingi nzuri kuitwa mbaya, na mpya kutoka kiwandani hazina kinga.

Chukua chuma kilichonyooka kabisa, hata ubavu wa rula nzuri ya chuma. Futa soli iwe safi, igeuze juu, weka chuma kikingame kwenye soli huku taa ikiwa upande wa pili. Tazama mwanga kuanzia nchani hadi mkiani, kila baada ya sm 10.

Mwanga ukipita katikati, soli imebonyea na makali yako juu yake. Skii ya namna hiyo huendeshwa kama treni kwenye reli: inang'ang'ania, haitelezi pembeni, mkia hauachii. Maelezo yako ni haya haya. Mwanga ukipita pembeni, soli imevimba katikati, na skii huogelea, haitulii, inachelewa kuuma.

Iliyobonyea inahitaji mashine ya jiwe la kusagia, na karakana nzuri itaisawazisha kisha itaweka pembe upya. Usijaribu kuimaliza kwa tupa nyumbani.

Pembe: kwa mlima mzima, digrii 1 upande wa soli na 2 upande wa pembeni. Anayeteleza zaidi kwenye barafu aende 3 pembeni. Upande wa pembeni unaweza kubadilisha ukitaka. Upande wa soli kuwa mwangalifu, maana ukishazidisha kwa tupa huwezi kurudi nyuma bila kusaga soli nzima, na pembe ikiwa kubwa skii inakuwa mvivu kuingia kwenye kona. Kila mara ondoa vinyweleo vya chuma kwa jiwe baada ya tupa. Pitisha ukucha juu ya makali, pale unapokwama pana kinyweleo. Halafu nchani na mkiani, sm 5–10 za mwisho zilizo nje ya sehemu inayogusa theluji, punguza ukali kwa jiwe la mpira. Usifike mbali zaidi ya hapo, wengine huua makali hadi karibu na buti kisha wanashangaa skii haishiki.

#15 Sambamba

Nimeweka rula. Mwanga upo katikati kuanzia vifungo hadi nchani, skii zote mbili. Asante sana fundi, inakwenda kusagwa.

#16 Breki_95

Tuje kwenye vifungo, yaani vifaa vinavyoshika buti kwenye skii, kwa sababu watu wanamaliza nguvu kwenye skii kisha wanabandika chochote.

Breki: upana wake ulingane na kiuno au uzidi hadi mm 15 hivi. Kiuno cha 88 kinataka breki ya 90, 95 au 100. Ikiwa nyembamba haitashuka kupita makali, ikizidi sana mikono yake itaburuta kwenye theluji ukilaza skii.

Namba ya kuachia (nguvu inayofanya kifungo kiachie buti ukianguka): kiwango cha kimataifa ISO 11088 ndicho kinachoongoza namna ya kuipata. Fundi anahitaji uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya buti kwa mm (umechapwa ubavuni mwa buti, mfano 295), na aina ya mtelezaji 1 hadi 3 (1 ni mwangalifu, 3 ni wa kasi). Uzito na kimo vikikupeleka mistari tofauti ya jedwali, unachukuliwa ule mstari wa namba ndogo. Mwenye umri wa 50 na kuendelea anashushwa mstari mmoja. Usidanganye uzito. Akina dada wanaopunguza kilo kwa fundi hupata vifungo vinavyoachia ovyo, na wanaojiita aina ya 3 kwa sifa hupata visivyoachia goti linapohitaji.

Chagua vifungo ambavyo namba yako inaangukia ndani kabisa ya safu yake. Kwa wengi wenye kg 50–70, safu ya 3–10 au 3–11 inatosha. Ya 4–13 iwe kwa wazito au wa kasi. Kununua ya 5–14 "kwa usalama" wakati namba yako ni 5 ni kukaa kwenye ukingo wa springi, na uzito unaongezeka bure.

Soli ya buti nayo: ISO 5355 ni soli bapa ya kawaida, ISO 23223 ni ile ya kutembelea inayojulikana kama GripWalk. Ya pili inahitaji vifungo vilivyoandikwa kuikubali. Kuingia na kulia "kah!" hakumaanishi kwamba vinalingana, bamba la chini ya vidole lazima liruhusu buti kuteleza pembeni, la sivyo kuachia kunabadilika.

#17 Tupa_na_Jiwe

Kwa wanaotoboa wenyewe matundu ya vifungo (siwashauri): skii isiyo na metali biti ni mm 3.5 × 9, yenye metali ni 4.1 × 9. Ile 9 ni kina, na biti ya skii ina kola ya kuizuia isizidi hapo. Ukitoboa 3.5 kwenye skii ya titanali, skrubu inainua metali, bamba la juu linavimba kama kipele kuzunguka tundu, na kifungo hakikai bapa. Metali pia hukatwa hesi kwanza. Gundi kila tundu. Kazi yake ni kuzuia maji yasiingie kwenye mbao zaidi ya kushikilia skrubu.

Alama: mstari wa katikati ya soli ya buti ukae juu ya mstari uliopendekezwa kwenye skii. Anza hapo. Sm 1 mbele hurahisisha kuanza kona na hufaa matuta, sm 1 nyuma huongeza kuelea na utulivu. Zaidi ya sm 2 upande wowote unaharibu kazi ya mchoraji wa skii.

#18 Makali88

Kujaribu kabla ya kununua. Kama kuna skii za majaribio, chukua mbili tu, si sita, ziwe modeli moja kwa saizi mbili, au modeli mbili kwa saizi moja. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hujui ni kipi kimekufurahisha. Mteremko mmoja, buti zako mwenyewe, saa zinazokaribiana.

Fanya haya kila mara: teleza pembeni mita 20 na usimame ghafla (mkia unaachia?), kona fupi 10, kona ndefu 4 kwa mwendo unaokutisha kidogo, kisha ingia kwenye theluji iliyovurugwa bila kupunguza. Mbio ya kwanza ni ya kuzoea, hukumu kuanzia ya pili. Vifungo vya majaribio vina reli, ni vizito na vinakuinua, kwa hiyo skii ileile ikifungwa vifungo vya kudumu itahisika nyepesi kidogo. Na pitisha ukucha kwenye makali kabla ya kupanda lifti. Skii ya majaribio yenye makali butu imewanyima watu wengi skii nzuri.

#19 NdotoYaUnga

Zilizotumika je? Kuna jozi ya 92, sm 164, imetobolewa mara mbili.

#20 Tupa_na_Jiwe

Kutobolewa mara mbili si tatizo kama matundu ya zamani yamezibwa na umbali kati yake na mapya ni mm 10 hivi au zaidi. Mara ya tatu ningesita.

Angalia makali: mapya huwa na kimo cha mm 2 hivi. Yakibaki chini ya mm 1 zimebaki kusagwa mara chache tu. Ufa mwembamba kwenye makali hauna neno, kipande kilichong'oka au kuinama ndani kina neno. Weka skii soli kwa soli bila kuzibana: kama ilikuwa na upinde na sasa zinalala bapa kabisa, imechoka. Bonyeza ukuta wa pembeni nchani na mkiani kwa kidole gumba ukitazama kama tabaka zinaachana au maji yanatoka. Mkwaruzo wa soli unaoonyesha mbao au faibagilasi hukatwa na kuwekwa kiraka. Ukiwa kando ya makali chini ya buti, iache jozi hiyo. Vifungo vya zamani: watengenezaji hutoa orodha ya vile wanavyoendelea kuvikubali, na fundi anaweza kukataa kurekebisha visivyokuwemo. Muulize kabla hujalipa.

#21 BintiMteremko

Buti zangu ni ugumu wa 70 zina miaka. Nibadilishe skii kwanza au buti?

#22 FundiNta

Buti. Sina "lakini" yoyote hapo.

Skii ya 88 yenye metali mbele ya buti ya 70 iliyolegea ni usukani uliounganishwa kwa kamba: unalaza goti, buti inakunjika, skii inapata habari baadaye. Kiwango cha kati tafuta 80–95, cha juu 95–115. Namba hizo hazina kipimo kimoja kati ya watengenezaji, kwa hiyo jaribu ukiwa umesimama, magoti mbele: buti ikunjike taratibu na kukurudisha, isikunjike na kubaki. Saizi ya mondo ni urefu wa mguu kwa sm. Toa soli ya ndani na liner (buti laini la ndani), ingiza mguu kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele: nyuma ya kisigino pabaki mm 10–20. Upana wa ganda ni mm 97 hadi 102 au 103, na akina dada wenye mashavu ya mguu mapana yanayoishia chini waangalie kola iliyokatwa chini zaidi, la sivyo buckle ya juu haitafunga na watalaumu ugumu.

#23 BintiMteremko

Sawa, buti kwanza. Halafu 88, sm 164, upinde chini ya buti, mkia bapa, metali ya fremu. Breki ya 95. Kuna pingamizi?

#24 UngaTu

92.

#25 Makali88

Siku ngapi za unga kati ya 10?

#26 BintiMteremko

1. Labda 2.

#27 UngaTu

Basi 88. Nimekubali.